Jamani, Usikasirike

Mjomba na wazee wote wa kijiwe, mwangaluka.

Nimeandikiwa barua na jirani wa ghorofa ya chini. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni ngazi kumi na nane, ila kaandika, kaweka tarehe, kafunga bahasha. Kosa langu: juzi saa nne na robo usiku nilipiga kete kwenye ubao.

Niliwaita wenzangu wa kazini tucheze mchezo ambao kila nyumba hapa Ujerumani inao. Ni ludo tu, msitishike: kete nne kila mtu, sita ndiyo ya kutokea, ukikanyagwa unarudi nyumbani. Aliubuni Josef Friedrich Schmidt hapahapa Munich, kama mwaka 1907 hivi, kuwatuliza wanawe, na ukaanza kuuzwa kwa wingi 1914. Vita ilipokuja akagawa maboksi 3,000 kwenye hospitali za majeruhi. Unaitwa Mensch ärgere dich nicht, yaani, "Mtu wewe, usikasirike." Onyo limeandikwa juu ya boksi!

Mimi nilijikamua nikanunua ule wa mbao. Mjomba, kete ni laini kama kokwa la embe lililonyonywa na mtoto kutwa nzima. Nikaukumbuka ubao wetu wa drafti: kipande cha plaiwudi, mistari ya makapeni, vizibo vya soda, wewe vimefunikwa, mimi vimefunuliwa, na kimoja kikipotea tunasubiri mtu apate kiu.

Lakini wanavyocheza sasa! Mtu anakula kete yako, halafu anakuomba radhi. Hakuna tambo, hakuna kuimbiwa, hakuna watazamaji kumi wanaojua kuliko wachezaji. Nililiwa mara tano na kijana wa mafunzo, kila mara na pole yake. Mara ya sita zamu ikawa yangu. Nikainuka, nikaishusha kete pwaa: "Kaoge ziwani!"

Ndiyo hiyo iliyoandikiwa barua. Kwa kanuni za jengo letu, kuanzia saa nne usiku ni kimya, na Jumapili ni kimya kutwa. Hata chupa tupu huendi kuzitupa Jumapili, maana zitalia zikigongana kwenye pipa. Nimeisoma kanuni hiyo kwa kamusi mara mbili nikitafuta panaposema kuhusu mtu anayeshinda. Hapapo. Isitoshe, sikushinda, niliburura mkia.

Nasikia huko nyumbani, tangu Rais Samia afungue daraja la kuvukia ziwa, 19 Juni 2025, mnafika Busisi kwa dakika chache. Nafurahi, hasa kwa wagonjwa. Ila kile kijiwe cha foleni ya kivuko, pale mjomba uliponifunga huku kivuko kikiondoka na begi langu, kimehamia wapi?

Nitumieni ubao. Vizibo nitajinywea hukuhuku. Taulo la kutandika chini yake nimeshanunua.