Gesi Imeisha, Bosi

Ukienda kwa fundi wa AC Dar es Salaam mwezi Februari, usijisumbue kueleza ugonjwa wa gari. Jibu lilishapikwa: "Gesi imeisha, bosi." Imekwenda wapi, huulizi; joto limekumaliza hata ubishi. Mfumo ule umefungwa, na gesi ya R134a huzunguka humo humo, hailiwi kama petroli. Ikipungua, imevuja. Ila kutafuta tundu ni kazi, na kujaza kunalipa leo leo.

Basi unajaziwa. Upepo bado wa moto? Unaongezewa. Gesi ikizidi, presha inapanda, swichi inazima kompresa isije ikajiua, nanyi ndani ya gari mnatokota. Fundi anakodolea geji ya bluu (ile nyekundu ni pambo, nadhani), anatikisa kichwa: "Kompresa imekufa hii." Feni ya kondensa haizunguki tangu Krismasi, hakuna aliyeitupia jicho. Na pampu ya kunyonya hewa na unyevu kabla ya kujaza ipo, imetundikiwa koti.

Bei ya kompresa anaitaja bila kufungua daftari. Mpya kabisa, anasema, imetoka Japani ndani ya gari jingine.