Waheshimiwa Mawe wa Tarime

Yasifiwe mawe. Yasifiwe hasa haya ya kwetu Tarime, yanayoteremka kutoka milimani na kuenea hadi Mugumu kule Serengeti bila kuomba kibali cha mtu. Mema yao ni mengi. Yanatupa mafiga, yanawapa watoto silaha ya kufukuzia ngedere, na fundi wa kutia mipini majembe anasomesha watoto kwa sababu ya mawe haya. Hayo ni madogo.

Jema kuu ni kwamba jiwe ni hati ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kuwa haki ya mwanamke kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria nzuri, ila haijawahi kuvunja mpini wa jembe la mtu. Mawe yanavunja. Mume wangu alipofariki, ukoo ulikaa, ukagawana bonde lenye migomba na kahawa, nami nikaachiwa kipande cha juu ambacho hata mbuzi hupita akichagua pa kukanyaga. Hakuna aliyesogeza mpaka. Hakuna aliyeuliza. Nililindwa na askari wasiolala, wasiolewa, wasiodai posho ya kikao. Hati ya karatasi huliwa na mchwa. Jiwe, mchwa hulizunguka kwa adabu. Ningekuwa Waziri wa Ardhi ningefunga masjala zote nchini, kila mjane nikamshushia lori moja la mawe mlangoni na kumpigia saluti. Sisemi mawe yote. Ya Nyamongo, wilaya hiihii, yana dhahabu, nayo hulindwa kwa ukuta, na wenyeji hupanda miche na kusimamisha vibanda harakaharaka kusubiri fidia, mchezo uitwao tegesha. Nasifu mawe fukara.

Kwa kuwa mtaimbo haukuingia chini, nilijenga matuta kwenda juu. Niliyapanga mawe yenyewe kuwa kingo hadi magotini, bila saruji. Ndani nikatandika mabua na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, kisha samadi (niliinunua, maana ng'ombe nao wana wenyewe), majivu kidogo, na udongo nilioupandisha kwa karai kutoka bondeni. Nikarudia tabaka hadi tuta likajaa, nikamwagilia. Likaoza, likatitia, nikajaza tena. Mgagani na sukuma wiki vikaota kama vilivyotumwa.

Hapo ndipo shemeji alipopata kumbukumbu. Alisimama juu ya tuta, fimbo mkononi, miguu katikati ya mgagani, akatamka kuwa ardhi hii ni ya babu yake. Shemeji, babu yako alikuwa wapi nilipokuwa naponda vidole? Nani alikuja kubeba hata karai moja? Samahani, tulikuwa tunasifu mawe.

Tukafikishana kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Letu limetimiza hesabu hiyo kikamilifu. Wale akina mama watatu waliulizwa kama wana la kuongeza, uamuzi ukiwa tayari umeandikwa. Tukaambiwa tukayamalize kiukoo, na shemeji akaleta pendekezo: yeye achukue matuta, mimi nihamie kwenye mawe yaliyobaki kule juu zaidi, kwa sababu nimeonyesha nina mkono wa kuyaweza. Wazee wameliona ni la busara.