Namna ya Kumzalisha Mwanasesere wa Kabezi Ukiwa Ulaya

Hongera. Andiko la mradi wako limepita, na maneno yaliyompendeza mfadhili ni matatu: wakunga, video, masafa. Kilichobaki ni kuyakutanisha Kabezi, kilomita ishirini hivi kusini mwa Bujumbura, kwenye ile Barabara ya Taifa namba 3 inayoambaa na Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge. Unahitaji mwanasesere, simu yenye kamera, skrini kubwa, mtaalamu aliye mbali na wakunga walio karibu. Petroli ya jenereta usiiulizie mapema. Utawakatisha watu tamaa.

Mwanasesere kwanza, maana ndiye mwenye historia. Katika karne ya 18 mkunga wa Kifaransa, Angélique du Coudray, alishona nyonga na kichanga kwa kitambaa na ngozi, akapewa kibali na mfalme Louis XV mwaka 1759, kisha akaizunguka Ufaransa kwa zaidi ya miaka ishirini akifundisha maelfu ya wanawake wa vijijini. Angalia hasara aliyoipata: ilimbidi afike. Alilala kwao, akala chakula chao, akajua nani ana mikono mizito na nani anaogopa damu. Wewe umeepushwa na usumbufu huo wote.

Wa siku hizi anaitwa MamaNatalie, kazi ya kampuni ya Laerdal ya Stavanger, Norwei, iliyokuwa ikitengeneza vitu vya kuchezea watoto kabla ya kumtoa Anne, mwanasesere wa kufundishia kupuliza hewa mdomoni, mwaka 1960. MamaNatalie haendeshwi kwa umeme. Anafungwa juu ya tumbo la mtu kama aproni, na mtu huyo ndiye anayemsukuma mtoto, anayetoa kondo la nyuma, anayefungulia damu. Kazi hii mpe kijana wa maabara. Hajawahi kuzaa, kwa hiyo atapiga kelele kuliko mzazi yeyote aliyewahi kupita wodini, na mtaalamu ataandika kwamba zoezi lilikuwa na uhalisia mkubwa.

Damu ya mazoezi ikiisha utashawishika kutumia mawese, kwa kuwa Rumonge iko mbele hapo tu na mawese ndiyo sifa yake. Acha. Mawese yana rangi ya machungwa, na sakafu itawaangusha wakunga wawili kabla mgonjwa hajazimia. Maji na rangi ya chakula vinatosha, hasa kwa vile kwenye skrini hakuna atakayejua imemwagika kiasi gani. Hapa wapo wakorofi watakaokutajia utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 baada ya kufanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: akina mama waliojifungua waliwekewa chini shuka la plastiki lenye vipimo, wahudumu wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa mpigo, na kutokwa na damu kwingi pamoja na madhara yake makubwa kukapungua kwa asilimia 60. Shuka la plastiki! Halina hata betri. Huwezi kulizindua mbele ya waandishi wa habari.

Ratiba nayo ina ufundi wake. Andika kwenye mwaliko "saa 8" bila neno lolote zaidi. Ulaya wataingia mtandaoni asubuhi, wakunga watafika baada ya chakula cha mchana, na kila upande utasema mwenzake hana nidhamu. Ukitaka fujo ya kudumu, panga vikao vya mwaka mzima: Burundi haibadilishi saa, Ulaya hubadilisha mara mbili, na kikao kilichozoeleka Septemba kitakuwa kimehama kwa saa nzima kufikia Novemba.

Ukipata mgeni aliyeng'ang'ania kuja mwenyewe, msimamishe njiani, Mugere, apige picha kwenye jiwe la Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Atakusimulia kwamba hapo ndipo walipokutana. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania, lakini usimsahihishe. Siku bado ndefu.

Simu ifunge kwa kipande cha kitenge kwenye stendi ya dripu, uielekeze dirishani ili Ulaya waone ziwa na milima ya Kongo. Mandhari yatawafurahisha mpaka saa tisa alasiri, jua litakapoanza kushuka upande huohuo wa ziwa na wakunga wote kugeuka vivuli. Mtaalamu atauliza ni nani aliyemshika mtoto. Mkunga mmoja atashauri simu igeuzwe ili dirisha liwe nyuma yake, na ishushwe ionyeshe mikono. Mwambie mpangilio ulishaidhinishwa. Mikono ndiyo inayozalisha, ni kweli, ila nyuso ndizo zinazotoka vizuri kwenye ripoti ya mwaka.

Sasa tufike kwenye dakika yenyewe. Mtoto aliyezaliwa halii anatakiwa akaushwe, asisimuliwe, na asipopumua apewe hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijaisha. Katika mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa mwaka 2010, dakika hiyo huitwa dakika ya dhahabu. Mwongozo huu unakuelekeza jinsi ya kuitumia yote.

Kijana wa maabara anapiga yowe la mwisho, mtoto wa plastiki anatoka, kimya. Mkunga anamkausha.

"Mnanisikia?" inauliza Ulaya.

"Tunakusikia, Dokta."

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia sana, Dokta."

"Nawaona, ila sauti inakatika. Zimeni kamera ili sauti ipite."

Kamera inazimwa. Mvua inaanza juu ya mabati, na sauti ya Ulaya inarudi ikiwa nusu, ikisema jambo kuhusu kuinua kidevu. Setilaiti za mtandao, zile za zamani, hutundikwa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo swali na jibu lake havimalizi safari chini ya nusu sekunde hata hali ikiwa njema. Starlink, iliyoingia Burundi mwaka 2024, hupita chini zaidi, kilomita 550 hivi, na ubaya wake ni kwamba inakunyima udhuru. Hatimaye amri inafika nzima: "Sasa, Madamu, anza kumpa hewa." Kamera inawashwa. Mkunga ameshampa hewa, ameshasikiliza moyo, ameshamfunika kwa nguo kavu, na sasa anamuuliza kijana wa maabara kama anaweza kuacha kulia.

Andika: mshiriki hakufuata maelekezo.

Baada ya hapo kuna hatari moja tu, nayo ni mazungumzo. Wanaofundisha kwa njia hii kwa dhati watakwambia kwamba zoezi ni kisingizio. Faida yote imo katika kukaa chini baadaye, kuitazama video pamoja, na kumuuliza kila mmoja aliona nini na kwa nini alifanya alivyofanya. Hapo ndipo video inapokuwa na maana, kwa sababu mtu hujiona mikono yake mwenyewe, na mwenzake aliye hospitali nyingine humuuliza swali ambalo bosi wake asingeuliza. Ikwepe. Mega zikiisha wakati huu itakuwa bahati. Zisipoisha, mkunga mkongwe atainua mkono.

"Dokta, hiyo dawa ya kukaza mji wa mimba umesema iwe kwenye baridi. Friji yetu inategemea umeme, na umeme unakuja unavyotaka. Tukiidunga na damu isikatike, tujue dawa imeharibika au mama ana shida nyingine?"

Swali hili ni zuri kuliko kikao chote, kwa hiyo ni lazima lifungwe haraka. Jibu linalotumika duniani kote ni: "Ahsante sana, Madamu, hilo tutaliangalia nje ya kikao." Nje ya kikao hakuna mtu.

Ukiulizwa kwa nini unafanya siku moja kubwa badala ya dakika chache kila wiki, uwe na jibu, maana Haydom wameharibu. Katika hospitali hiyo ya mkoa wa Manyara, Tanzania, watafiti waliwapima wahudumu miezi kadhaa baada ya kozi ya siku moja. Mbele ya mwanasesere walikuwa wamepanda viwango. Mbele ya watoto halisi hakuna kilichobadilika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wangeishia hapo tungewaelewa. Badala yake waliweka mwanasesere karibu na chumba cha kujifungulia, wakawa wanafanya zoezi fupi la mara kwa mara, na vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Ubaya wa njia hii unauona mwenyewe: zoezi la dakika tano halina posho, halina soda, halina bango. Nani atakuja?

Na kwa vyovyote usiruhusu mtu akumbushe mambo ya Kabezi yenyewe. Mwaka 2006, serikali ilipoondoa malipo kwa wanaojifungua na kwa watoto wa chini ya miaka mitano, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua hapo kituo cha dharura za uzazi. Mawasiliano yao ya masafa yalikuwa hivi: mhudumu wa kituo cha afya kule milimani akiona uzazi umekwama, anaita kwa redio au simu, gari la wagonjwa linapanda kumchukua mama, na chini kuna wanaojua kupasua. Hapakuwa na skrini. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba vifo vya uzazi katika eneo hilo vilipungua kwa asilimia 74. Mwenye kumbukumbu hizo mkalishe nyuma, karibu na spika.

Limebaki jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau. Katikati ya zoezi mlango utafunguliwa na mtu atasema kuna mama ameletwa kwa pikipiki, damu haikatiki. Wakunga wote watasimama. Usiwazuie, ila hakikisha aliye karibu na stendi ya dripu anaiacha kamera ikimtazama mwanasesere, kwa sababu mahudhurio huhesabiwa kwa dakika na kikao kikikatika mapema mfadhili hupokea taarifa. Mtaalamu mwambie watu wametoka kidogo. Kijana wa maabara abaki, bado tumbo analo, ajibu maswali.

Kisha kaa ujaze fomu. Washiriki: 14. Muda wa kuunganishwa: saa tatu na nusu. Ridhaa ya picha: imesainiwa. Kwenye changamoto andika "mtandao", inakubalika kila mara. Mama wa pikipiki hana safu kwenye fomu. Ukimwandika, mfumo utakurudisha ukurasa wa kwanza.