Kuku Wamechanjwa, Mtoto Je?

(Uani kwa mfugaji mmoja, mkoani Singida. Mwenye nyumba amemaliza kuwachanja kuku. Jogoo anapepesa jicho, Koo anawakusanya vifaranga.)

JOGOO: Huyu bwana ameniminya shingo, ungedhani amekamata mwizi! Kumbe ni tone moja tu la jichoni.

KOO: Vumilia, Baba Vifaranga. Kideri kikiingia banda lisilochanjwa, habaki wa kuwika wala wa kutaga. Ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu hakosi. Tarehe ameiandika mlangoni kwa mkaa.

JOGOO: Mtu makini sana. Hata mtoto wake hamfanyii pupa. Leo katimiza miezi tisa, nesi kamwita kwa chanjo ya surua na rubela, lakini baba kasema, "Tusubiri kwanza, nichunguze."

KOO: Anachunguzia wapi?

JOGOO: Kwenye simu. Kuna sauti imeingia kundi la ukoo. Msemaji hakujitaja jina. Kamnukuu daktari ambaye hakumtaja, wa nchi ambayo hakuitaja.

KOO: Na chanjo yetu aliichunguzia wapi?

JOGOO: Alimuuliza bwana mifugo.

KOO: Haya basi! Ya kuku kwa mtaalamu, ya mtoto kwa kundi la ukoo.

JOGOO: Usicheke. Wanasema chanjo inakata uzazi.

KOO: Mimi nachanjwa tangu kifaranga. Hebu wahesabu hawa. Na baba yao, anayechanjwa vilevile, ni nani?

JOGOO: (anakohoa) Tuyaache hayo. Lipo na la Uingereza, kwamba chanjo ya surua inaleta usonji.

KOO: Hilo mhudumu wa afya alilieleza hapo chini ya mwembe, mimi nikidonoa maganda ya karanga miguuni pake. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield alichapisha makala katika jarida la Lancet kuhusu watoto 12. Kumi na wawili, mume wangu! Wengine walipochunguza watoto maelfu kwa maelfu, uhusiano huo hawakuuona. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala, na mwenyewe akafutiwa usajili wa udaktari. Huku kwetu madai yake bado yanasambazwa.

JOGOO: Lakini sindano inaleta homa.

KOO: Baadhi ya watoto hupata, siku moja mbili ikapoa. Surua inaleta nimonia, inapofusha, inaua. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani.

JOGOO: Kwa hiyo hata asiyemwona mgonjwa…

KOO: Anaambukizwa vilevile. Tena dozi ni mbili, miezi tisa na miezi 18, kwa kuwa wapo ambao ya kwanza haiwajengei kinga ya kutosha.

JOGOO: Mama mtoto anasemaje?

KOO: Hajasema kitu. Kadi ya kliniki ameitoa chini ya godoro. Za kuzaliwa zimejazwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimejazwa. Penye surua ni peupe. Amemfunga mtoto mgongoni kwa khanga, na maswali ya mumewe anakwenda kumuuliza nesi ana kwa ana.

JOGOO: Basi mimi kesho niwike nini?

KOO: Wika hivi: wenye watoto, fungueni kadi mtazame tarehe. Iliyopita isiwatie aibu, nendeni, nesi atawapangia upya. Penye shaka, muulizeni mtaalamu, kama mnavyotuulizia sisi. Na usisahau kumwambia mwenye nyumba hili: chanjo yetu ameinunua, ya mwanawe kwenye zahanati ya serikali ni bure.