Mhadhara Mkuu Kuhusu Uvimbe Unaoneemeka Kuliko Mgonjwa

Waheshimiwa machifu wa Bakisi na Wakabango, mabibi na mabwana wa Shabunda, mashariki mwa Kongo: mtaalamu anayehutubia leo, ambaye alijitunuku uprofesa baada ya vyuo vyote kuchelewa kumtunuku, amekubali kufafanua ukuzaji wa seli za saratani katika pande tatu, elimu ambayo bila yeye ingebaki mikononi mwa wanaoijua.

Ieleweke kwamba seli zikiwekwa katika kisahani cha plastiki hutanda chini kwa tabaka moja, kila moja ikipata chakula na dawa sawa na jirani yake, ilhali mwilini uvimbe hurundikana. Kwa hiyo maabara huziotesha katika tone linaloning'inia, au katika ute wa protini ambao aghalabu hutolewa kwenye uvimbe wa panya, nazo hujikusanya kuwa kidonge. Kidonge kikifikia upana wa takriban nusu milimita, seli za katikati huanza kufa kwa kukosa oksijeni, na dawa iliyotamba kisahanini mara nyingi haipenyi humo.

Kukuza seli bila kuzitandaza chini si jambo geni. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto, ambao baadaye ulibainika kushamiri katika nyanda za chini zenye joto na malaria, mfano wa Shabunda, kuliko milimani. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, ambako Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuza seli zake zikielea katika majimaji, na mwaka 1964 wakatangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hapo ndipo mtaalamu, kwa unyenyekevu anaoutangaza kila mahali, anapotoa nadharia yake. Seli iliyokatwa kwa mgonjwa hulazwa katika kabati lenye nyuzi joto 37 na hewa ya ukaa asilimia 5, ikabadilishiwa chakula kila baada ya siku mbili au tatu, umeme ukilindwa usikatike. Mtoto aliyekatwa seli hiyo husubiri ndege ndogo ya Bukavu, kwa kuwa barabara imemezwa na matope, na nauli yake haimo katika bajeti ya utafiti wowote. Inapendekezwa basi, kisayansi kabisa, kwamba kila mgonjwa wa Shabunda aandikishwe kuwa seli.

Pendekezo hilo likingali kwenye foleni, yafaa kukumbushwa lisilohitaji uprofesa: uvimbe wa Burkitt hukua upesi mno, lakini husikia dawa, siklofosfamidi ikiwemo, hivyo mtoto anayevimba taya apelekwe hospitali mara moja.