Solo Saba za Ala za Shaba: Ipi Ikupeleke Chuo Kikuu?

Vijana wa Port Reitz, nyinyi hupiga mazoezi huku meli za Kilindini zikiwajibu kwa honi na ndege za uwanja wa Moi zikipita juu ya paa. Ushindani mmeuzoea. Limebaki swali la usaili wa idara ya muziki: upulize nini? Nimepanga solo saba, kutoka ya mkiani hadi ya kileleni, kwa kigezo kimoja: msaili anasikiliza sauti yako kwanza, vidole baadaye. Usipokubali, njoo na hoja.

7. Mruko wa Nyuki, Rimsky-Korsakov
Umetoka kwenye opera ya mwaka 1900, na uliandikiwa okestra. Noti zinamiminika, pa kuvutia pumzi hakuna, na mwisho wake hakuna aliyesikia rangi ya sauti yako. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.
*Hukumu:* nyuki arudi mzingani.

6. Konseto ya Tarumbeta, Hummel (1803)
Tamu, ya kisherehe, na imejaa mitego. Ilitungwa katika E meja, lakini wapigaji wengi huishusha nusu hatua hadi E flati ili vidole vipate nafuu. Ukiona mabingwa wanaomba kupunguziwa bei, wewe mwenye mfuko mwepesi jiulize.
*Hukumu:* una mwaka mzima? Karibu. Una mwezi mmoja? Salimia, upite.

5. Konseto ya Tuba, Vaughan Williams (1954)
Mzee wa miaka 81 aliipa tuba heshima yake, na sehemu ya pili, Romanza, inaimba kweli kweli. Tatizo ni usafiri: kwenye matatu ya Magongo, tuba inalipiwa kiti, na makanga atataka kujua ni mtungi wa gesi wa kilo ngapi.
*Hukumu:* wa tuba, shikeni Romanza. Wengine, saidieni kubeba.

4. Machi ya beni
Hapa najua mtanirukia. Beni ni yetu: ilichipuka Pwani miaka ya 1890, vikundi vikishindana kwa sare, vyeo vya kijeshi na midundo ya bendi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Lakini beni hunoga kwa ngoma, umati na mpinzani wa kumtia kishindo. Chumbani, mbele ya watu watatu na meza, inapungukiwa.
*Hukumu:* ukiruhusiwa vipande viwili, cha pili kiwe hiki. Wasaili wataamka.

3. Konseto ya Honi katika D meja, Mozart (K. 412)
Mozart alimtungia rafiki yake Leutgeb, kisha akamjazia utani kwenye hati yenyewe, hadi kumwita punda. Lakini alimhurumia pia: Leutgeb umri ulikuwa umekwenda, kwa hiyo noti za juu kabisa ziliachwa. Sehemu ni mbili tu.
*Hukumu:* salama kwa mpiga honi. Matusi yote Mozart alishayamaliza, wasaili hawana jipya.

2. Morceau symphonique, Guilmant (1902)
Wa tromboni, mmepata. Kiliandikwa kwa ajili ya mtihani wa Konsavatori ya Paris, basi kimepangwa kimtihani: kwanza unaimba polepole, kisha mwendo unachangamka, na uwezo wako wote unaonekana kabla msaili hajatazama saa.
*Hukumu:* mnaodai kilistahili namba moja, nawasikia hadi Chaani.

1. Konseto ya Tarumbeta, Haydn (1796)
Tarumbeta ya zamani ilikuwa na mapengo: noti za chini hazikufuatana. Anton Weidinger wa Vienna akaleta tarumbeta yenye vitufe, na Haydn akamfungulia solo kwa do, re, mi, hatua kwa hatua, pale pale palipokuwa hapawezekani. Kwa noti hizo tatu, msaili ameshajua pumzi yako, tuni yako na utulivu wako. Ongeza sehemu ya pili, ya polepole, na sauti yako imevuliwa kilemba mbele ya watu. "Lakini kila mtu anapiga Haydn!" Ndiyo. Wasaili wanaijua kwa moyo, kwa hiyo kilicho chako wanakisikia mara moja. Chema chajiuza.
*Hukumu:* kiti cha enzi, bila kura ya marudio.

Neno la mwisho kwa atakayepanda treni Miritini kwenda kusailiwa Nairobi: joto la Pwani hupandisha sauti ya shaba, baridi ya asubuhi ya bara huishusha. Fika mapema, ipashe ala moto kwa pumzi, sukuma bomba la kutuni ndani kidogo, ndipo uingie. Na anayetaka kumng'oa Haydn kileleni aje na ala yake mkononi. Tutaamua kwa masikio.