Namna ya Kukosoa Picha ya Liyongo Bila Kumuua Mchoraji Wake

Kijana amekutumia picha. Amemchora Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, kwenye kompyuta kibao, kwa kalamu isiyo na wino, na chini yake ameandika maneno matatu tu: "Nipe maoni yako." Vidole vinakuwasha. Usiandike bado.

Majibu mawili yatakujia mbiombio, na yote mawili hayamfai. La kwanza ni "Umetisha, mwanangu!" likifuatiwa na vijimoto vitatu. Litamfurahisha, lakini halimwambii kesho arudie nini na aache nini. La pili ni la yule mjuzi asiyekosekana mtaa wowote: "Mikono huiwezi, kasome anatomia." Mkono upi? Una kasoro gani? Huyo amejitangaza mwenyewe, na mchoraji amebaki na aibu pamoja na picha ileile.

Anza kwa kumuuliza alitaka nini. Huyu ni Liyongo yupi: mshairi, mfungwa anayekata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, au shujaa anayekufa amepiga goti karibu na kisima? Kinachompendeza mmoja kitamharibu mwingine. Akikujibu kwamba ni yule wa kisimani, umepata kipimo cha kukosolea, na hamu yako ya kuona joka nyuma yake iweke mfukoni. Ukitaka joka, lichore.

Sasa tazama vazi. Wachoraji wengi wa wahusika wa namna hii wamekulia kwenye michezo ya kompyuta yenye mashujaa wa Ulaya ya kale, kwa hiyo Liyongo naye amevishwa deraya la chuma kuanzia shingoni hadi magotini. Usimhutubie kuhusu utamaduni ukaondoka zako. Mwonyeshe kile ambacho kisa chenyewe kinadai. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo hauawi kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma usingizini ni mwanawe wa kumzaa. Deraya limefunika kitovu. Mtoto atachoma wapi? Tena deraya kamili la Ulaya lilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi, na huyu bwana yuko pwani, juani. Kitovu kikiachwa wazi, mtazamaji anayekijua kisa ataogopa kabla hata hajajua anaogopa nini. Maoni ya aina hii ndiyo ninayoyapenda kuliko yote: yamepunguza kazi ya mkono na kuongeza maana.

Kisha mwombe alijaze umbo zima la mhusika rangi nyeusi tupu. Hata Krita, ambayo ni programu ya bure, inaliweza hilo mara moja ikiwa mhusika yuko kwenye tabaka lake peke yake. Kumbuka Liyongo alivyoamka akaenda kisimani, na watu walivyomwona kwa mbali, amepiga goti na upinde wake, wakadhani yu hai, wakaogopa kwenda kuteka maji siku kadhaa. Lililowazuia ni umbo tu, maana mwenyewe alikwisha kufa. Basi picha hii nayo ipite mtihani huohuo. Kama upinde umelala juu ya kifua ukamezwa na weusi wa mwili, mwandikie: "Usogeze upinde nje ya mwili, uonekane kwenye anga." Sentensi moja, naye ameshajua bega liende wapi na kiwiko kikunjwe vipi.

Vipimo havihitaji maneno mengi. Wachoraji humpa mtu wa kawaida urefu wa vichwa saba na nusu, na shujaa vinane au zaidi. Liyongo ni pandikizi la mtu. Akionekana kibonge, mshauri apunguze kichwa kabla ya kufutua misuli. Vivuli vikiwa vichafu, huenda amevipaka nyeusi tupu; ajaribu buluu iliyokolea. Aigeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo, na jicho lililopanda juu ya mwenzake litajionyesha lenyewe bila wewe kusema neno.

Hata ukiona makosa kumi, taja mawili, yale ambayo yakirekebishwa mengine hupungua. Usichore juu ya kazi yake kabla ya kumwomba ruhusa. Akikubali, tumia tabaka jipya na mistari ya rangi moja, ili akikuchoka akufiche kwa mguso mmoja.

Na sifa zisikose, ila ziwe na anwani. Mchoraji anaporekebisha huharibu hata kilichokuwa kizuri, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni kizuri. Uso wa Liyongo, ambao umekwisha kumtambua aliyemchoma, mwambie asiuguse.